Ampli ya Gakwaya

Sanduku la ampli ya gitaa lilikuwa mahali pake, pembeni mwa madhabahu, na kitambaa chake cheupe juu. Kilichoibwa ni kile kilichokuwa ndani yake.

Inspekta Kamikazi alipiga magoti, akafungua skrubu nne za nyuma kwa bisibisi ya kuazima, akalivuta bamba la mbao. Akamulika tochi. Palipotakiwa kuwa na mtambo mzito wa chuma na vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama balbu, palikuwa patupu. Chini kabisa, kipande cha saketi cha kijani kisichozidi kitabu cha nyimbo kilikuwa kimefungwa kwa waya kwenye spika ya zamani.

Nyuma yake Pasta Mugabo alishusha pumzi. Asubuhi nzima alikuwa akimweleza inspekta kwa upole kwamba Mama Cansilde ana miaka sabini na mitatu, na masikio huzeeka na mtu.

Cansilde mwenyewe hakusogea kutoka benchi la mbele. "Nilisema," alisema, basi.

Alikuwa amefika kituoni Jumatatu hiyo saa moja kasoro, kabla askari hawajamaliza kupokezana zamu. Aliwaambia kwamba jana, katikati ya wimbo wa pili, alisimama akatoka kanisani, kwa sababu sauti ya gitaa haikuwa ya marehemu mume wake. Askari wawili walitazamana. Kamikazi, aliyekulia Karagwe ukimbizini na kufundishwa na bibi yake kwamba mjane akiamka mapema hivyo ana jambo, alivuta kiti akaandika maelezo.

Hadithi ya kile kifaa ilikuwa fupi. Gakwaya, mumewe Cansilde, alikuwa mpiga gitaa Bukavu. Mwaka wa wakimbizi kurudi Rwanda, wengine walipobeba magodoro na sufuria, yeye alibeba ampli yake mgongoni, na mkewe akabeba vilivyobaki. Ilikuwa ya taa, vile vichupa vya kioo, ya zamani kuliko ndoa yao. Ampli za siku hizi husema ukizibonyeza tu. Ile ilitaka kupashwa moto kwanza kama jiko la makaa, na ikishapata moto sauti yake ilikuwa nene, ya joto. Na nyuzi zikipigwa kwa nguvu ilikwaruza kidogo, kama mtu mzima anayeimba huku kilio kimemkaba. Gakwaya alipofariki, miaka minne iliyopita, Cansilde aliipeleka kanisani. Hakuitoa kama zawadi. Aliazimisha, ili kila Jumapili aisikie.

"Sina picha yake inayosema," alimwambia inspekta. "Niko na ile sauti tu. Kama imevuka mpaka, bon, atakuwa amekufa mara ya pili."

Na mpaka ulikuwa karibu. Kutoka mlango wa kanisa hadi Goma, upande wa Kongo, ni mwendo wa mtu asiye na haraka. Kamikazi alilijua hilo vizuri kuliko alivyotaka.

Aliinamia sanduku tena. Vichwa vya skrubu vilikuwa na kutu ya zamani, lakini hapakuwa na mkwaruzo. Aliyefungua hakuwa na haraka, wala hakuogopa kukutwa. Waya zilikuwa zimelehemiwa kwa usafi, kila tone la risasi dogo na linalong'aa. Na kwa nini mwizi ajisumbue kuacha kitu kinacholia? Mwizi hubeba akaenda. Huyu alitaka Jumapili ipite bila mtu kugundua.

Pasta alimnong'oneza kwamba anayelala ndani ya ua ni mlinzi peke yake. Basi Niyomugabo akaitwa, akaja na koti lake refu na uso wa mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

"Ufunguo wa kanisa unakaa wapi?"

"Ku musumari, ofisini kwa pasta. Kila muimbaji anauchukua."

"Unajua kulehemu?"

"Afande, mi hata betri ya tochi nabadilishiwa na mke wangu."

Cansilde alicheka puani. Kamikazi naye nusura acheke. Akamuuliza mlinzi kama ameona lolote tofauti, na Niyomugabo akajitahidi sana kukumbuka. Alhamisi mwalimu Rukundo alikuja na pikipiki kwa mazoezi. Ijumaa hakuna. Jumamosi mwalimu tena, mazoezi. Jumapili ibada kama kawaida: pasta hutangaza sala, ampli inawashwa, wanaomba.

"Ampli inawashwa wakati wa sala?"

"Sala ya kwanza ni ya ampli," alisema mlinzi kwa heshima zote. "Ya watu inakuja nyuma."

Pasta alikohoa. Ikabidi aeleze mwenyewe. Kwa kuwa taa zilichelewa kupata moto, mpiga gitaa aliinuka kuwasha aliposikia "tuombe", naye pasta alirefusha sala mpaka taa zikawa tayari. Miaka minne sasa. Hata wageni walikwisha kuzoea.

Kamikazi alisimama, akapangusa magoti. Alimkumbuka baba yake kule Karagwe na redio yao ya taa. Mzee aliiwasha kwanza, ndipo akaenda kunawa mikono, na taarifa ya habari ikamkuta amekaa.

"Nani anapiga gitaa?"

"Mwalimu Rukundo," alisema pasta. "Mwanafunzi wa Gakwaya mwenyewe. Huyo simtilii shaka."

"Na ibada huwa mnaipiga video?"

Walikuwa wakiipiga. Claudette, katibu wa kwaya, aliirekodi kila Jumapili kwa simu na kuwatumia ndugu walioko mbali. Alimtumia inspekta ile ya jana kabla hawajafika getini. Kamikazi aliitazama mara tatu akiwa amesimama kwenye jua, kiganja kikikinga kioo cha simu. Kisha akaingia kwenye gari.

Rukundo alikuwa kwenye chumba cha walimu, akisahihisha madaftari. Mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, kucha za mkono wa kulia ndefu. Alimwona inspekta mlangoni, akaweka kalamu chini sambamba na ukingo wa meza.

"Mwalimu, jana ampli uliiwasha wakati gani?"

"Kama siku zote. Pasta aliposema tuombe."

"Una hakika?"

"Miaka minne nafanya hivyo, afande."

Kamikazi aliweka simu juu ya madaftari. Kwenye kioo pasta alikuwa akiomba, na nyuma yake Rukundo amekaa kwenye kiti chake, macho yamefungwa, mikono imekunjwa mapajani. Taa nyekundu ya mbele ya ampli haikuwaka. Sala ikaendelea. Ikafika amina. Ndipo Rukundo wa kwenye simu akainama, akabonyeza, akapiga nyuzi, na gitaa likalia.

"Hesabu nami," alisema inspekta, akarudisha nyuma. Bonyeza. Gitaa.

"Sekunde moja," alisema Rukundo.

"Taa za Gakwaya zilikuwa zinaamka kwa sekunde moja?"

Mwalimu aliinyoosha tena kalamu yake.

"Asiyejua kilichokuwa ndani angeinuka kwenye tuombe. Wewe ulijua hakuna cha kupasha moto."

Huko nje watoto walikuwa wakiimba jedwali la saba. Rukundo aliwasikiliza mpaka sabini.

"Nilikuwa naomba," alisema hatimaye. "Miaka minne nafumba jicho moja, lingine linatazama ile taa. Jana ndiyo mara ya kwanza niliomba kweli. Niliomba Mama asisikie."

"Mtambo uko wapi? Umevuka?"

"Bado. Leo alasiri."

Wakiwa njiani kuufuata alieleza yote, na Kamikazi hakuhitaji kumsukuma. Alhamisi binamu yake alifunga ndoa ya serikali Nyamyumba, na sherehe ikafanyika karibu na zile chemchemi za maji ya moto. Rukundo aliipakia ampli kwenye pikipiki bila kumwomba mtu. Umeme ulikuwa wa jenereta. Gakwaya, kwenye kitanda cha hospitali, alikuwa amemwonya juu ya jambo moja tu: isichomekwe kwenye jenereta. Wimbo wa tatu, jenereta ikakohoa, umeme ukaruka, na taa moja ikamulika buluu ikafa. Jioni hiyo hiyo aliupeleka mtambo kwa Théoneste, fundi wa redio. Taa ya aina ile haikupatikana. Ijumaa fundi akamfungia kile kipande cha kijani ndani ya sanduku, Jumamosi mwalimu akalirudisha kanisani.

"Kwa nini uliipeleka huko?" aliuliza inspekta. "Mna spika ngapi za kukodi Rubavu hii?"

Rukundo alitazama ziwa kupitia dirishani.

"Nikipiga kanisani, watu wanasema, sikia Gakwaya. Kila Jumapili, sikia Gakwaya. Nyamyumba hakuna aliyemjua. Nilitaka siku moja waseme ni mimi." Akageuka kutoka dirishani. "Halafu nikaiua. Ningemwambiaje yule mama?"

Théoneste walimkuta akiufunga mtambo kwenye blanketi. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya safari. Huko Goma, alisema, kuna mtu mwenye ampli nyingine ya taa iliyokufa. Pengine watapata moja nzima kutoka kwenye mbili, na mtambo gani ubaki na nani, wangejua hukohuko. Kamikazi aliweka mkono wake juu ya blanketi. Moyo, ambao tangu asubuhi ulikuwa ukitembea mbele yake, ulirudi mahali pake.

Alimtuma dereva amlete Cansilde.

Mama aliingia taratibu, akamtazama Rukundo, akautazama mtambo mezani. Rukundo alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji na kurudia kila neno, hata lile la kutaka waseme ni yeye. Cansilde alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Iliyokufa iko wapi?"

Théoneste alimpa kile kichupa cha kioo, kileleni kimekuwa cheupe kama maziwa. Mama alikizungusha mkononi, akakinusa. Kisha akamwomba inspekta gari, na hakusema anakwenda wapi.

Alirudi na kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na soksi za kiume. Ndani ya soksi, vichupa viwili vya kioo, vizima, safi, alama zake zilezile.

"Alibeba hizi mufukoni kutoka Bukavu," alisema. "Akasema nisitupe. Mi nilifikiri ni balbu za kule, haziingii ku nyumba za huku. Kila nikifanya usafi nazipangusa." Akamgeukia Rukundo. "Wewe, mwalimu muzima. Ungeniuliza."

Rukundo alifunika uso kwa mikono yake.

Théoneste alichomeka taa moja, akaunga spika, akaleta gitaa lililokuwa likingoja kutengenezwa. Akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Kimya. Rukundo alinyoosha mkono kuongeza sauti, akiwa na jasho.

"Ngoja," alisema Cansilde. "Tuombe."

Aliomba kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, bila haraka. Kamikazi alifumba jicho moja. Kwa lingine aliona uzi mwekundu ukiamka ndani ya kioo, ukapanda, ukawa rangi ya machungwa. Kwenye amina spika ilikuwa tayari inanguruma polepole, kama mtu anayesafisha koo.

Rukundo alipiga wimbo wa pili wa Jumapili. Mahali pa juu, sauti ilikwaruza.

"Ndo yeye," alisema Cansilde, na mabega yake yakashuka. Alikaa kwenye kigoda cha fundi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alipangusa macho kwa ncha ya mshanana wake, lile vazi la begani.

Kamikazi alitoa daftari. Alisema kwamba kuchukua mali ya mtu bila ruhusa ni kosa, na mlalamikaji ana haki ya kuendelea.

"Mi nilikuja kuripoti sauti," alisema Cansilde. "Sauti imerudi. Andika hivyo." Akafikiri. "Na andika kwamba pasta amuombe mulinzi musamaha."

Inspekta aliandika. Mlalamikaji akatia sahihi kwa herufi kubwa, moja moja.

Rukundo alikuwa akilitua gitaa. Cansilde alimzuia kwa kidole.

"Ile ilikuwa ya bwana yangu. Sasa piga ya kwako, na mimi nisikie."

Mwalimu alisimama muda mrefu na mkono juu ya nyuzi. Kisha akapiga kitu ambacho hakuna mmoja wao aliyewahi kukisikia.

Mama alingoja mpaka noti ya mwisho ikayeyuka ndani ya spika.

"Sikia Rukundo," alisema.