Gari Lisilotakiwa Kutembea

Maiti ilikaa nyuma ya usukani wa Porsche nyekundu kama mtu anayesubiri taa ya kijani. Uso ulikuwa umeiva kwa wekundu, mdomo umeachama, na gereji nzima ilinuka moshi.

"Sumu ya moshi," daktari wa polisi alisema. "Ila ana uvimbe kisogoni. Huo haukuletwa na moshi."

Inspekta, ambaye wahalifu walimwita Mama Pingu na yeye akaitika bila kinyongo, aliinama dirishani.

"Alijifungia, akawasha, akalala. Ndiyo hadithi?"

"Ndiyo, afande," alijibu mdogo wake marehemu, aliyeukuta mwili asubuhi. Alivaa glavu nyeupe za pamba. "Sikugusa kitu."

Kando ilisimama Mercedes ya rangi ya fedha, milango yake ikifunguka kwenda juu kama mbawa. Ndugu hawa walirithi magari yote mawili kwa baba yao, na tangu hapo wakawa wakibishana lipi kiboko.

"Ipi bora?" Inspekta aliuliza, kama anayechagua nyanya.

"Nyekundu ina kasi. Injini iko nyuma, kwenye kona inang'ang'ania lami kama kupe. Lakini ziko nyingi. Hii ya fedha..." Sauti ililainika, utadhani anamtaja mchumba. "Zimebaki chache duniani, na hii haijatembea tangu baba afe. Kila kilomita inaila thamani. Kaka hakuelewa. Kwake gari ni mbio tu."

"Ulimpenda?"

"Damu nzito kuliko maji."

"Na petroli je?"

Inspekta akazungusha ufunguo wa ile nyekundu. Kimya, hata taa haikuwaka. Akafungua boneti ya mbele. Waya wa betri ulikuwa umechomolewa, ncha yake imeviringwa kitambaa safi.

"Mama, mumeo alikuwa na tabia ya kuchomoa betri?"

Mjane, aliyesimama mlangoni macho yamevimba, aliguna. "Yeye? Hata mlango wa choo alikuwa hafungi. Mchomoaji ni shemeji. Akishagusa gari lolote, lazima achomoe."

"Basi marehemu alikufa, akashuka, akachomoa betri, akarudi kufa vizuri."

Inspekta alikuwa ameshaizunguka ile ya fedha.

"Matairi mapya. Tangi limejaa. Gari lisilotembea limeshibishwa liende wapi?"

"Leo walikuwa washindane," mjane alisema. "Mume wangu alitaka ubishi uishie barabarani."

"Nilimpigia magoti!" mdogo mtu alifoka. "Nikamwambia, kaka, ile nyekundu chukua, ichome, itupe mtoni, ila hii usiiguse. Akacheka. Eti gari si mwali wa kufungiwa ndani."

"Ukampiga."

"Kwa spana. Nikamkalisha, nikawasha. Alipoacha kukoroma, nikazima."

"Kwa nini ulizima?"

Alishangaa kuulizwa. "Injini ile hupozwa kwa hewa, afande. Ukiiacha ikinguruma imesimama muda mrefu, itaungua."

Mjane akakaa sakafuni. "Ukaihurumia injini," alinong'ona.

Pingu zikalia.

"Konstebo, hiyo ya fedha ni kielelezo. Ipeleke kituoni."

"Gari letu la kuburuta magari ni bovu, afande."

"Kwani hii haina magurudumu? Endesha. Na upitie njia ndefu."

Yule mdogo mtu hakuwa amemlilia kaka yake hata chozi moja. Lakini konstebo alipotia gia na magurudumu yakaanza kuzunguka, yule bwana alianguka kifudifudi, akalia kama mfiwa.