Namba Iliyopigwa Msasa

Mambo yalianzia kwenye chai. Lionel Thirkettle aliweka kikombe chake juu ya madigadi ya ambulensi ya zamani ya jeshi aliyokuwa akiifufua, akaingia chini ya gari kukaza nati ya springi ya nyuma, na alipotoka akakuta kikombe kitupu, kikavu, kama kilichopanguswa kwa kitambaa. Karakanani alikuwa peke yake. Mlango alikuwa ameukomea kwa sababu ya upepo wa Januari, ule wa Norfolk, mashariki ya Uingereza, unaotoka baharini bila kupiga hodi popote.

"Brenda, umeninywea chai yangu?" alimwuliza mkewe wakati wa chakula cha mchana.

"Chai yako ile nyeusi kama dizeli? Kwani nimechoka kuishi?" Brenda akacheka, akamsogezea viazi.

Kesho yake ikawa vile vile. Kisha ikaja harufu: sufu iliyolowa mvua, dawa ya vidonda, na chini ya hizo kitu kitamu cha kuchefua, kama nyama iliyosahauliwa kabatini. Na baada ya harufu, mchana kweupe, Lionel akasikia mtu akigonga kutoka ndani ya ambulensi. Hakugonga kwa hasira. Aligonga kwa adabu, kama mtu aliyefungiwa kwa bahati mbaya na anayeona haya kusumbua watu.

Lionel alifungua milango ya nyuma. Ndani mlikuwa na zile machela alizozishonea turubai mpya kwa mkono wake mwenyewe. Turubai ya machela ya chini, upande wa kushoto, ilikuwa imebonyea katikati kama inavyobonyea ikilaliwa na mtu. Alipokuwa akiitazama, ikajinyoosha polepole.

Hakumwambia mtu. Woga alikuwa nao, lakini kilichomziba mdomo kilikuwa aibu, maana alijua alichokifanya.

Wapenzi wote wa magari ya zamani ya jeshi, kutoka Norfolk hadi mpaka wa Scotland, walimjua Lionel. Mtu akiokota kipande cha chuma shambani, alimpelekea yeye. Lionel alikigeuzageuza, akakisugua kwa kidole gumba, akasema: hiki ni kifuniko cha giaboksi ya lori la tani tatu, la kabla ya vita kufika jangwani. Wakienda kuangalia kwenye kumbukumbu za makumbusho, ikawa kweli. Na mtu asiyekosea kwa miaka mingi husahau jinsi ya kusema, "Nimekosea."

Ambulensi hii aliipata kwenye shamba moja, kuku wakitaga ndani yake. Alama zilizogongwa kwenye ekseli zilionyesha kwamba ilitoka kiwandani katika kundi moja na ambulensi aliyokuwa akiiendesha Percy Lusher, kijana wa kijiji cha Lionel, siku alipopigwa risasi akiwa kwenye usukani huko Normandy, Ufaransa. Kundi hilo lilikuwa na magari mamia. Lionel alipaswa kusema "huenda". Lakini Novemba, kwenye chai ya Jumapili ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani, ukumbi wa kanisa ukiwa umejaa, alisimama na kikombe mkononi akatangaza, "Jamani, nimelipata gari la Percy."

Bi Enid Bunting, binti pekee wa Percy, ambaye alikuwa bado anatambaa baba yake alipokufa, aliweka sahani yake chini akalia mbele ya watu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Lionel naye akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Wiki iliyofuata akaanza kuparuza rangi ya boneti, tabaka baada ya tabaka. Rangi nyekundu ya mkulima ikatoka, kijani cha jeshi kikajitokeza, na chini ya kijani zikajitokeza tarakimu nyeupe, zimefifia lakini zinasomeka. Hazikuwa zile za Percy, alizokuwa amezinakili kutoka makumbusho. Lilikuwa gari lingine kabisa, lenye dereva wake na majeruhi wake na maiti wake. Siku nyingine yoyote angeziandika na kuzipeleka makumbusho, na kadi za huko zingemwambia gari lilikuwa la kikosi gani. Siku hiyo aliona mbele yake uso wa Bi Enid, akasikia yale makofi. Akachukua msasa akasugua mpaka chuma kikang'aa. Akapaka rangi mpya, akaandika juu yake namba ya Percy kwa mkono usiotetemeka.

Januari, chai ikaanza kuisha yenyewe.

Februari, Bi Enid alikuja kuliona gari. Alivaa koti lake la kanisani, na mkononi alishika maua meupe ya bustanini kwake.

"Naruhusiwa kukaa ndani, Bwana Lionel?"

"Kaa tu, Bi Enid. Hili ni lako kuliko langu."

Akapanda taratibu, akashika usukani kwa mikono miwili. "Unajua sikuwahi kuisikia sauti yake? Mama hakupenda kumzungumzia. Nikiuliza, anatoka nje kwenda kuanua nguo, hata kama hazijakauka." Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Baba. Umekaa kwenye baridi vya kutosha. Twende nyumbani."

Springi za nyuma zikalia. Bodi ya gari ikainuka kidogo, kama inavyoinuka mtu mzito anaposhuka, na milango ya nyuma ikafunguka yenyewe, polepole.

Bi Enid aligeuka na uso wa mtoto. "Umesikia?"

"Upepo huo," Lionel akasema.

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema, na hakusema. Alimpa mkono akamsaidia kushuka, akamsindikiza hadi barabarani, na mwilini mwake alisikia nafuu kama mtu aliyetuliwa gunia. Nafuu hiyo ndiyo aliyokuja kuionea haya kuliko uongo wenyewe. Tangu siku hiyo chai yake haikupungua hata tone, na harufu ilitoweka karakanani.

Machi haijaisha, Mchungaji Rosalind Pask akamfuata. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa kuzunguka maneno. Alisimama mlangoni mwa karakana bila kuvua hata kofia.

"Lionel, Enid anakwisha. Kanisani haji, dukani haendi. Jana nimemkuta anazungumza na ngazi."

"Umri, mchungaji."

"Umri haunuki dawa ya vidonda." Akamkazia macho. "Nakuuliza mara moja tu. Una hakika lile gari ni la Percy?"

"Nina hakika," Lionel akajibu, na masikio yake yakawaka moto.

"Basi vaa koti. Tunakwenda wote."

Nyumba ya Bi Enid ilikuwa imewashwa taa zote saa tisa alasiri. Sweta lilimning'inia Bi Enid mabegani kama lililotundikwa kwenye kiti. Meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili, na sahani moja ilikuwa na chakula kilichoota ukungu. Ile harufu ilikuwa humo, nzito kuliko ilivyokuwa karakanani. Juu, mtu mwenye viatu vizito alikuwa akitembea kutoka ukuta hadi ukuta.

"Anatembea kutwa," Bi Enid alinong'ona. "Mwanzoni nilifurahi, mchungaji. Nilimpikia, nikamsomea gazeti. Lakini hali, halali, na hana neno lingine ila swali moja tu."

"Swali gani, mpenzi?"

"Ananiuliza yeye ni nani. Namwambia, wewe ni Percy, baba yangu. Basi hulia. Hulia kama mtu aliyevishwa koti la maiti mwingine."

Mchungaji Rosalind alikwenda hadi chini ya ngazi, akatoa kitabu chake cha sala na kichupa cha maji ya baraka, akasali kwa sauti ya kawaida kabisa. Mwisho akasema, "Percy Lusher, kwa jina la Bwana, kazi yako imekwisha. Ondoka nyumba hii, ukapumzike."

Nyayo zikakoma. Kisha zikaanza kushuka, ngazi kwa ngazi, bila haraka, na hapakuwa na mtu juu ya ngazi wala kivuli cha mtu, ila zulia lilikuwa likilowa kila mahali unyayo ulipokanyaga, na baridi ikashuka pamoja nazo ikawapanda vifundoni na magotini na kifuani, mpaka nyayo zikasimama mbele yao na sauti ikasema, karibu mno na masikio yao, sauti ya kijana aliyechoka kupita kiasi:

"Si mimi. Niambieni."

Mchungaji alimgeukia Lionel. Hakumkemea. Alimtazama tu, na Lionel akatamani angemkemea.

"Bi Enid," Lionel akasema, "gari lile si la baba yako. Chini ya rangi palikuwa na namba nyingine. Nikaipiga msasa."

Bi Enid alishika mgongo wa kiti. "Nilipolia ukumbini, ulikuwa unajua?"

"Siku hiyo nilikuwa bado."

"Na siku niliyokaa ndani?"

"Siku hiyo nilijua."

"Ulijua," alisema taratibu, "ukasimama pale ukanisikiliza nikimwita baba."

Lionel alitazama zulia lililolowa.

"Namba," Mchungaji Rosalind akasema upesi. "Itaje, Lionel. Makumbusho watatupa kikosi, kikosi kitatupa majina ya waliofia ndani yake. Nikipata jina lake, nitamwita kwa jina hilo, naye atakwenda."

Lionel akafumba macho. Huyu ndiye aliyekuwa akikumbuka alama ya kila nati aliyowahi kuishika, na sasa alijaribu kuiona ile boneti, akaona kijani, akaona weupe, akaona msasa ukipita, na kila alipoikaribia tarakimu ya kwanza msasa ulikuwa umeshafika, na wakati huo wote palikuwa na pumzi baridi shavuni pake, pumzi ya mtu aliyejisogeza karibu ili asikose hata herufi moja.

"Kuna tano," akasema. "Tano... halafu... au ni sita..."

"Endelea," ile sauti ikamwambia. Ilikuwa imejaa matumaini, na matumaini hayo yalimtisha Lionel kuliko kilio.

"Sikumbuki," akasema. "Nisamehe. Sikuiandika popote. Sikumbuki."

Pumzi ikabaki pale pale shavuni.

"Mtoe nyumbani kwangu," Bi Enid akasema.

"Bi Enid, mimi sina uwezo wa—"

"Mchungaji hana jina la kumtolea. Umesikia mwenyewe. Mimi nilimkaribisha kwa jina la uongo, na jina hilo nilipewa na wewe. Sasa mkaribishe kwako. Hapa hapa, nikisikia."

Lionel alimtazama mchungaji, naye akainamisha macho. Basi akasema, kwa sauti ndogo, "Haya, kijana. Twende kwangu."

Wakatoka. Ng'ambo ya barabara jirani, mzee Gotts, alikuwa akiosha gari lake. Lionel alifungua mlango wa abiria wa gari lake mwenyewe, akasimama ameushikilia, akingoja.

"Unamfungulia nani, Lionel?" Gotts akauliza huku akicheka. "Malkia?"

Gari likainama upande wa kushoto, springi zikalia. Kicheko cha Gotts kikakatika. Lionel akaufunga mlango pole pole, kama mtu anavyomfungia mgonjwa.

Njia nzima hakugeuza shingo. Kioo cha upande wa abiria kilijaa ukungu, kikasafika, kikajaa tena.

Brenda alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga. Alimtazama mumewe, kisha akatazama nyuma ya bega lake, na uso ukamchangamka kama siku zote anapoletewa mgeni.

"Karibuni!" akasema. "We Lionel, mbona kijana wa watu umemwacha alowe hivyo? Huyu ni nani?"

Lionel alifungua mdomo. Brenda aliendelea kutabasamu, akingoja ajulishwe.

"Hana jina," Lionel akasema. "Nimelifuta mimi."

Na nyuma yake, kwenye jamvi la mlangoni, viatu vizito vikaanza kujipangusa.