Mia Nne Bila Mzigo

Kofi lilimtupa Shangazi juu ya meza ya chuma, katikati ya transfoma tatu za kupandishia volti.

"Chagua moja!" alifoka Pasi, mkubwa wa magendo. "Pampu iwake sasa hivi, la sivyo mdogo wako namtoboa kichwa."

Mdogo wake alikuwa amefungwa kwenye kiti, mdomo umevimba, mtu mmoja wa Pasi amemgandishia bastola ya Glock kisogoni. Walimteka ili Shangazi, fundi wao mpya, asilete ujeuri. Hawakujua kuwa fundi huyo ni jasusi, na kwamba Shangazi ni jina lake la kazi ya ujasusi. Thubutu! Wangejua, wangekuwa wameshamchinja.

Mlangoni alisimama mlinzi, na nyuma ya Pasi yalipangwa mapipa ya sumu. Pampu ingeisukuma sumu hiyo kwenye bomba lililoungwa na maji ya mji mzima.

Sauti ya Mkuu wake wa ujasusi ikanong'ona kwenye kidude cha sikioni.

"Kikosi kimekwama getini. Wacheleweshe."

Wacheleweshe! Rahisi kusema ukiwa ofisini na soda mkononi.

Jenereta ilitoa volti mia mbili. Mota ya pampu, ya fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, ilitaka mia nne. Shangazi alitema damu, akaivuta transfoma ndogo kuliko zote.

"Mbona hako kadogo?"

"Mota ndogo, transfoma ndogo. Hayo makubwa yameungua. Nusa mwenyewe."

Pasi akanusa. Ilikuwa harufu ya vanishi tu, wala si ya kuungua, lakini akaguna kama mjuzi.

"Kapime nione!"

Shangazi akaunga nyaya, akawasha, akagusisha mita ya umeme ya Fluke fezi kwa fezi.

Mia nne. Mia nne. Mia nne.

"Safi!" Pasi alicheka. "Funga mota."

Transfoma isiyo na mzigo, yaani isiyoendesha kitu, hutoa volti nzuri hata kama ni dhaifu. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara sita ya kawaida, na hako kadogo hakakuwa na ubavu huo. Alichoogopa ni kidole cha yule mwenye Glock.

Pasi akabonyeza swichi.

Mota ikanguruma. Haikuzunguka. Transfoma ikatetemeka, moshi ukafuka.

Mwenye Glock akageuza shingo kutazama.

Kosa.

Spana ya Shangazi ikamvunja taya. Risasi ikapaa darini. Shangazi akaidaka bastola kabla haijagusa sakafu.

Paa! Paa!

Mlinzi wa mlangoni akaanguka kifudifudi. Pasi akamrukia kwa kisu, akamchana bega, bastola ikaruka mbali. Shangazi akampiga kichwa puani, akamzungushia waya wa mita shingoni, akavuta.

"Mita... ilisema... mia nne!"

"Ilisema kweli. Hukuipa transfoma mzigo."

Akavuta tena. Miguu ya Pasi ikaacha kurusha mateke.

"Shangazi, hali?" Mkuu aliuliza.

"Maji salama. Leteni gari la maiti."

Akakata kamba, akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu. Kijana aliitazama miili, kisha akamtazama yeye.

"Dada, si ulimwambia mama unauza mapazia?"

"Nauza." Akajifunga kitambaa begani. "Ndiyo maana Jumapili mama akiniulizia, utamwambia nimechelewa kwa wateja."

Akaiokota Glock, akaiacha mezani, akatoka zake juani.