Yeyote Anayenyonya

Mlio wa kunyonya ndio uliomwamsha Léonie saa nane ya usiku, tyu, tyu, tyu. Akanyoosha mkono ampapase Joyeuse, mutoto wake wa miezi mitano. Joyeuse alikuwa upande wa ukutani, amelala fofofo, kinywa kimefungwa. Na titi la Léonie lilikuwa limelowa, la baridi, linanuka jiwe lililoungua.

Akakumbuka somo la kompyuta la jana. Walifundishwa kuiandikia kompyuta mambo ya nyumbani kama kanuni, ili ifikiri yenyewe, naye akaandika: Joyeuse ananyonya kwa Léonie; yeyote anayenyonya kwa Léonie ni mutoto wa Léonie. Mwalimu Fortunat alicheka. "Mama Joyeuse, angalia! Ukiiambia yeyote, inachukua yeyote. Na usichoiandikia, kwake si kweli."

Asubuhi akaifungua kompyuta aliyopewa kwenda nayo nyumbani, akaiuliza: nani mutoto wa Léonie? Ikajibu: Joyeuse. Akabonyeza, kuna mwingine? Ikajibu: mimi.

"Uliandika na usingizi," mume wake Modeste akamcheka.

"Papa Joyeuse, angalia titi."

Alama za meno. Joyeuse hakuwa na jino hata moja.

Wakakimbilia kwa mama Kuluthumu, anayewasomea dua wenye majini pale mtaa wa Mapendo. "Mulimufungulia jini mulango kwa maandishi, mumufungie kwa maandishi," akanong'ona. "Na jina la mutoto mulitoe humo. Akizidi kulisoma, atalivaa."

Mchana wa siku ile ile, nyumbani, Modeste akilinda mlango, Léonie akiwa na Joyeuse mgongoni ndani ya kitenge, alifuta jina la Joyeuse, akafuta kanuni, na kwa haraka akaandika: Léonie ana mutoto mumoja tu. Akauliza ni nani. Mimi. Kuna mwingine? Hakuna. Akaandika tena, vidole vinateleza, Joyeuse je, Joyeuse ni mutoto wa Léonie? na kabla hajainua macho kusoma jibu, si kweli, alisikia kitenge kinalegea, kinakuwa chepesi, kinashuka mgongoni kama nguo iliyoanuliwa kwenye kamba, akapapasa nyuma, akapapasa tena, na mbele, kifuani, jua likiwaka dirishani, kitu cha baridi kikashika titi.

"Mama," kikasema, meno hayaachii. "Ukimwambia papa, naye namufuta."

"Jini ametoka?" Modeste akaita mlangoni.

"Ametoka." Léonie akajifunika kitenge kifuani. "Usiingie, papa. Mutoto ananyonya."

Halafu akainamisha kichwa, akanong'ona kule chini: "Sitamwambia mutu. Nyonya. Sitamwambia mutu."