Kifundo cha Thoya

Jumamosi ile soko la mitumba la Malindi lilikuwa limejaa hadi watu wanapita ubavu ubavu. Sidi aliingia na dera lake la maua ya zambarau, fimbo nyeupe mkononi, akaenda moja kwa moja hadi meza ya viatu, kwa kuwa njia yake alishaihesabu zamani: hatua arubaini kutoka kwa wauza mapazia, kisha kushoto. Macho yake yalizimwa na ugonjwa akiwa na miaka tisa, huko kwao Ganze, na tangu hapo viatu alivichagua kwa vidole. Alishakipata kimoja cha kukimbilia, cha kushoto, chepesi, soli bado ina meno. Akawa anapapasa lundo kutafuta mwenzake.

"Dada, usijisumbue," sauti ya kiume ikasema karibu naye. "Cha kulia ninacho mimi."

"Basi nipe."

"Nami nangoja unipe hicho."

"Ushakilipia?"

"Bado."

"Basi si chako, ni cha soko."

Mwanaume akacheka, kicheko cha chini kisicho na haraka. "Hii ni namba saba, dada. Sijapata kuona mwanamke wa namba saba."

"Nami sijapata kusikia mwanaume mwenye mguu wa kike."

Mwenye meza na wateja wawili wakaangua kicheko, na Sidi akaona haya kidogo, maana ulimi wake ulikuwa na tabia ya kumtangulia. "Hebu nieleze kilivyo," akasema kwa upole.

"Kijani, kama jani la mgomba likiwa changa. Kamba za chungwa. Na hapa pembeni pana doa la tope la nchi ya watu, sijui mwenyewe alilikanyaga akienda wapi."

Watu wengi walikwishamtajia Sidi rangi. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za tope. "Wafanya kazi gani wewe?" akamwuliza.

"Natembeza wageni kwenye daraja la mbao la mikoko, Dabaso. Kutwa naonyesha watu kaa na ndege. Naitwa Thoya, kwetu Tezo."

"Mimi Sidi. Napima viungo dukani kwa Mama Chirag. Na nakimbia mbio za mita elfu moja na mia tano."

Hapa ndipo watu humwuliza anakimbiaje naye haoni. Thoya hakuuliza hilo. "Nani akuongoza?" akasema.

"Alikuwa Dena. Amepata kazi Nairobi, wiki jana kaondoka."

Thoya akamtia kile kiatu mkononi. "Basi chukua vyote viwili. Mimi nitatafuta vingine, tukimbie."

Wako watu huchukua mwaka mzima kufikia neno kama hilo. Hawa walichukua muda wa kununua viatu.

Kocha wao alikuwa Cherop, mwalimu wa shule aliyetoka bara, mkali kwa saa na laini kwa chai. Ndiye aliyewafunga kamba: kipande cha shibiri moja tu, mkono wa kushoto wa Sidi na wa kulia wa Thoya. Mwongozaji havuti wala hasukumi, aliwafundisha. Anakimbia hatua kwa hatua na mwenzake na kumwambia yaliyo mbele. Wiki ya kwanza waligongana magoti. Mwezi wa tatu ukisikiliza nyayo zao kwenye mchanga mgumu, maji yakiwa yamepwa, ungedhani ni mtu mmoja. Mwezi wa tano Thoya hakuwa tena mwongozaji tu, na Cherop alijua, ila alijitia kuhesabu dakika.

Kila alfajiri simu ililia.

"Kipenzi, umeamka?"

"Nimeamka tangu jana, nakungoja wewe tu."

"Utavaa nini leo?"

"Fulana ile ya njano."

"Ile ni ya buluu, Sidi."

"Aliyeniuzia alisema njano."

"Alikuwa na haraka."

"Nawe miezi yote hii umeninyamazia?"

"Yakupendeza. Ningesema, ungeiacha."

Sidi alicheka mpaka akakaa kitandani. "Kuanzia leo rangi zangu niambie kweli."

"Kweli tupu, mama."

Zikiwa zimebaki wiki sita kabla ya mchujo wa Nairobi, ule wa kuchagua watakaokwenda Michezo ya Paralimpiki, muundi wa mguu wa kulia ulianza kumchoma Sidi. Mwanzo ulichoma akimaliza mazoezi, baadaye akiyaanza, mwisho hata akisimama kwenye mizani dukani. Sidi hakumwambia mtu. Mchujo wa miaka minne nyuma aliukosa kwa nusu sekunde. Sasa ana miaka thelathini na mmoja, na hakuiona nafasi nyingine mbele yake. Akawa anajipaka dawa ya kuchua asubuhi, kisha anaponda iliki kwa viganja ili harufu isijulikane.

"Mguu u salama?" Thoya alimwuliza Jumatatu.

"Sina kitu."

Alimwuliza tena Jumatano, na tena Ijumaa. Jibu lilikuwa hilo hilo.

Jumanne iliyofuata, katikati ya mazoezi, Thoya alitoa ukelele na kuanguka mchangani. Kifundo cha mguu kimeteguka, alisema. Sidi alipiga magoti kumpapasa, Thoya akamzuia mkono: "Usiguse, kipenzi, chauma." Yeye aliyeamini vidole kuliko midomo ya watu, kwa huruma aliyokuwa nayo, hakugusa. Cherop akasema wiki tatu hakuna mbio, na kwa kuwa mwongozaji mwingine hapatikani upesi, Sidi akimbilie ndani ya maji, kwenye bwawa la hoteli moja iliyomkubalia.

Sidi alimpelekea Thoya manjano na mafuta ya karafuu, akampigia simu mchana na jioni, akamtania kwamba anatembea kama kuku aliyefungwa kamba. Lakini moyoni palikuwa na jambo la aibu. Usiku ule wa kwanza alipomwombea Thoya, alijikuta anashukuru. Mguu wake umepata kupumzika bila yeye kusema lolote. Alimshukuru Mungu kwa maumivu ya mtu anayempenda, na asubuhi alishindwa kunywa chai.

Wiki ya tatu, Mama Chirag aliingia dukani bangili zikilia, ametoka Watamu kumwona dada yake.

"Sidi mwanangu, yule Thoya wako amepona upesi. Nimempita asubuhi pale Dabaso, akimbia kama afukuzwaye na nyuki."

Sidi akaiweka chini kata ya bizari. Akatoka nje, akapiga simu.

"Kifundo chaendeleaje?"

"Chavuta bado, kipenzi. Leo nimelala tu."

"Wakimbia na nani, Thoya?"

Waongozaji ni wachache pwani nzima na wakimbiaji wasioona ni wengi. Sidi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Amepata mkimbiaji mwingine, mwenye mguu mzima.

"Sidi, ngoja nikwambie..."

"Uliniambia hata rangi ya tope. Leo hili limekushinda," akasema, akakata. Simu zake hakuzipokea siku nne.

Siku ya tano Cherop alimpeleka kwa daktari, maana bila cheti cha afya hakuna mchujo. Daktari aliubonyeza muundi, akaamuru picha, kisha akaitazama kwa makini.

"Mfupa huu ulikuwa umeanza kupasuka. Sasa umeunga. Ungeukimbiza wiki mbili zaidi ungevunjika, na mbio zako zingeishia hapo. Nani alikushauri upumzike?"

Sidi alifungua mdomo kusema hakuna. Halafu akaukumbuka ule mkono uliomzuia asiguse, akalielewa jambo lote pale pale kitini.

Mchana huo huo alikwenda Dabaso. Daraja la mbao lilitikisika chini ya nyayo zake, harufu ya tope la mikoko ikapanda, na fimbo ikahesabu ubao baada ya ubao hadi aliposikia sauti anayoijua ikiwaeleza wageni habari za kaa. Sauti ikakatika.

"Vua ndala," Sidi akasema. "Nipe mguu."

Thoya akawaomba wageni watangulie, akakaa kwenye mbao na kumpa. Vidole vya Sidi vikazunguka kifundo chote, kulia kisha kushoto.

"Mguu huu haujateguka tangu uzaliwe."

"Haujateguka."

"Ulikuwa ukimkimbiza nani?"

"Nafsi yangu. Nisije nikawa mzito siku yako ikifika."

"Ulijuaje?"

"Kamba. Mkono wako ulianza kuchelewa. Mguu ukiuma, mkono husema." Akashusha pumzi. "Nilikuuliza mara tatu, Sidi. Nikaona nikimwambia Cherop utatafuta mtu mwingine, naye atakukimbiza mpaka mfupa ukatike. Nikajiangusha."

"Ukanidanganya."

"Nikakudanganya."

"Mimi uwanjani sina kingine ila maneno yako," Sidi akasema. "Ukisema kona, nakata kona. Ukisema ongeza, naongeza. Nikijua limo moja la uongo, hayo mengine nitayakanyagaje?"

Thoya hakujitetea. "Nisamehe."

Maji yalikuwa yakiingia taratibu chini ya daraja. Sidi alikaa naye bega kwa bega.

"Nami nilikudanganya mara tatu," akasema. "Na ulipoanguka nilimshukuru Mungu. Wewe walia, mimi nashukuru. Hiyo ndiyo roho yangu, uijue." Akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa dera. "Uongo wako bado waniuma. Lakini mguu wangu ni mzima kwa sababu yako. Asante, Thoya. Nimekuja kwa hilo, nisije nikafa na deni la asante."

"Basi tufanyeje?"

"Ukiuma, nitasema. Ukiona, utasema. Hata kama sitaki kusikia."

"Nitasema."

Nairobi ilikuwa na baridi ya kuuma meno. Thoya alimweleza kila kitu: uwanja mwekundu, mistari myeupe, wapinzani watano, fulana yake ya kijani na kweli ni ya kijani. Wakaanza vizuri, wa tatu, wakaingia wa pili. Mzunguko wa tatu muundi ukachoma.

Zamani angeuma meno. "Thoya," akasema kwa pumzi fupi. "Unauma."

"Kama siku zile?"

"Nusu yake."

Hatua nne zikapita. Sidi alijua Thoya anasikiliza mkono.

"Mkono wako hauchelewi hata kidogo. Mfupa waogopa tu. Ungechelewa ningekusimamisha hapa hapa. Mimi nasema twende. Wasemaje?"

Hakuwa na njia ya kulipima neno lile. "Twende," akasema.

Wakaenda. Katika mita mia za mwisho Thoya alikuwa akimwita kwa jina tu, na Sidi akalifuata jina lake hadi mwisho, Thoya nyuma yake hatua moja, kwa kuwa sheria hairuhusu mwongozaji kutangulia. Wa pili, na muda wa kufuzu Paralimpiki ameushinda kwa sekunde mbili na ushee. Cherop, mtu wa bara asiyepiga vigelegele, alipiga kigelegele.

Sidi alilala chali kwenye nyasi akisema asante, asante, bila kumtaja anayemwambia. Thoya akakaa karibu.

"Kuna jambo," akasema. "Tumekubaliana tusifichane."

"Umeteguka?"

"Baba amekwishatayarisha kadzama, mtungi wa pombe ya mnazi wa kwenda kufungulia posa. Alitaka kuupeleka kwenu Ganze Jumamosi iliyopita. Nilimkataza. Nikamwambia sitaamua tena jambo la Sidi nyuma yake, nitamwuliza mwenyewe kwanza. Ndiyo nakuuliza."

Sidi akainuka, akakaa.

"Uso wako ukoje sasa hivi? Nieleze kama ulivyo."

"Uso wangu una jasho. Una machozi. Una hofu ambayo sikuwa nayo nikikimbia. Na pua yataka kitambaa."

"Basi mwambie baba," Sidi akasema, "Ganze wamngojea."