Ombi Bila Ruhusa

Lifti ilikwama saa tatu kasoro robo asubuhi, juu kidogo ya ghorofa ya tano, ikiwa na watu saba, keki ya mtu fulani, na karani mmoja wa ofisi ya mawakili ambaye hakuwahi kuchelewa kazini tangu aajiriwe. Alivaa sketi ya kijivu, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, na viatu vyekundu vya kisigino. Viatu hivyo ndivyo vilivyokuwa maringo yake pekee, na aliringa navyo sawasawa.

Mlango ulipobanduliwa kwa chuma, alionekana mwanamume wa ovaroli ya buluu amesimama chini yao, kichwa chake kikiwa usawa wa magoti yao, mikono imejaa grisi. Aliwaambia wakae sakafuni mmoja mmoja, wateleze, yeye atawapokea. Watu wakashuka, hata keki ikashuka salama. Karani akabaki amesimama peke yake.

"Mimi nakwenda ghorofa ya sita," alisema.

"Sawa, dada. Lakini kwanza unashuka ya tano. Kaa chini."

"Hakuna ngazi?"

"Ngazi ipo, ya kukupeleka sita. Ya kukutoa humo ni hii mikono yangu."

Akakaa, na sketi yake yote. Katika kuteleza, kiatu kimoja kilimvuka kikaingia kwenye uwazi wa chini ya lifti, na wote wakasikia kikitua baada ya muda mrefu kuliko walivyotegemea. Karani alipanda kazini mguu mmoja peku. Saa sita mchana fundi aliingia ofisini na kiatu kimefungwa kwenye gazeti, kimepanguswa kikapangusika, akauliza mbele ya mawakili watatu kama Ghorofa ya Sita yupo. Jina hilo likamganda kuanzia siku hiyo.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Fundi alipiga asubuhi kumuuliza kama amelala vizuri, akapiga mchana kumuuliza kama amekula, na karani, ambaye kazini alijibu simu kwa maneno manne tu, alijikuta akicheka dirishani na mkono mdomoni. Akimuuliza yuko wapi, jibu lilikuwa moja: "Niko shimoni, mpenzi." Shimo ni lile lililo chini kabisa ya lifti, ambamo fundi huingia kukagua mitambo. Likawa utani wao. Karani akimkosa siku mbili, humuuliza kama shimo limemwoa.

Kila Jumatano saa kumi na moja jioni karani alikuwa mtu mwingine, au tuseme mtu yuleyule aliyeongezewa cheo. Ushirika wa maombi wa kanisani kwake ulikutana kwenye chumba kilicho juu ya duka la miwani, watu kama ishirini kwenye viti vya plastiki, na yeye ndiye aliyeshika daftari la maombi. Mwenye haja alisimama akaitaja, karani akaiandika, na ikijibiwa akaitia alama ya vema kwa wino mwekundu. Majira hayo walikuwa wanajifunza unyenyekevu wa Kristo. Somo la Bwana aliyejifunga taulo akawaosha wanafunzi wake miguu alilifundisha yeye, tena vizuri mno, na alipoketi alijua kwamba amelifundisha vizuri.

Fundi alianza kuhudhuria kwa ajili yake, tusidanganyane. Lakini aliendelea kuja hata wiki ambayo karani alilala na homa. Alikaa karibu na mlango, akiimba kwa sauti nzito isiyofuata noti. Walikuwa wamekubaliana kwamba mwezi unaofuata ataenda kujitambulisha kwa mama yake karani, na mama alikwisha kununua mapazia mapya kwa ajili ya siku hiyo.

Jumamosi moja karani alipita kwenye duka la sare za shule. Nyuma ya kioo alimwona fundi amepiga goti moja, anamjaribisha msichana mdogo viatu vyeusi. Msichana alikuwa na paji la uso la fundi, na masikio yake pia. Karani alivuka barabara, akasimama ng'ambo, akapiga simu. Alimwona akiitoa mfukoni, akiitazama, akimgeukia mtoto kidogo.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko shimoni," fundi alisema. "Nitakupigia baadaye, eh?"

Kupitia kioo, midomo ya mtoto ilitamka neno "baba." Karani hakuhitaji kulisikia.

Angeweza kuvuka tena na kumuuliza. Angeweza kusubiri ile simu ya baadaye, ambayo kweli ilipigwa, mara tano, bila kupokelewa. Alichofanya ni kusubiri siku nne, na Jumatano, haja zote zilipokwisha kutajwa, alisimama mwenyewe na daftari mkononi. Sauti yake ilikuwa laini kabisa. Alisema anao mzigo kwa ajili ya ndugu mmoja, asingemtaja, aliyejiunga nao mwaka huu, anayekaa karibu nao sana lakini ana mtoto wa siri na ulimi usiosema kweli. Akaomba Bwana amvunje moyo ndugu huyo ili apone.

Waliojiunga mwaka huo walikuwa wawili, na mmoja alikuwa bibi wa miaka sabini na mbili. Vichwa viliinama, ila macho ya watu yalitafutana chini kwa chini, na yote yakaishia mlangoni. Mama Muuguzi, mstaafu wa hospitali ambaye habari hazilali kwake hata siku moja, aliitikia amina kabla sala haijaisha.

Fundi alisubiri mpaka ikaisha. Kisha akasimama, kofia mkononi.

"Ndugu mliyemwombea ni mimi," alisema. "Mtoto ana miaka tisa. Mama yake ameolewa na mtu mwingine, na kila Jumamosi ninakuwa naye. Mchungaji anajua tangu nilipokuja. Aliyeleta ombi sikumwambia, niliogopa, na Jumamosi nilimdanganya. Kwa hilo nimekosa. Asanteni kwa kuniombea."

Alikibeba kiti chake, akakipanga juu ya vingine kama kawaida yake, akatoka. Walisikia hatua zake ngazini mpaka chini.

Karani alipongezwa. Mama Muuguzi alimshika mabega akamwambia ana macho ya rohoni, na wengine wawili wakamwambia Mungu amemwepusha. Alizipokea sifa hizo kwa kuinamisha kichwa, jinsi alivyozoea. Mama yake alipopata habari alikunja mapazia mapya akayarudisha kwenye mfuko wa dukani, na hilo lilimuuma binti yake kuliko kusemwa. Simu ya asubuhi haikulia. Wala ya mchana.

Wiki ya pili alikaa mezani kwake nyumbani kuandaa daftari. Safu ya kwanza ni ombi, ya pili ni mwombaji, ya tatu ni tarehe. Penye ombi la fundi alikuwa amejiandika yeye mwombaji, kwa mwandiko mzuri. Alijaribu kuamua kama aweke alama ya vema, maana ndugu alikwisha kukiri, na mkono ukakataa. Akarudisha kurasa nyuma bila kutafuta chochote, akafika ya kwanza, ambayo hakuisoma tangu alipoiandika miaka minne iliyopita. Pale palikuwa na kanuni tatu za kikundi, na ya pili ilisema: Tusilete haja ya mwenzetu bila ruhusa yake.

Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe. Mtu mmoja aliwahi kuwaombea watu wa nyumbani kwa karani mbele ya wote, kuhusu baba yake na chupa, na karani alirudi nyumbani siku hiyo akitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amesahau. Alilia, si kwa uzuri, pua ikavuja, na aliona haya hata kwa kuta.

Tangu siku ile alijiambia kwamba alisema kweli, na ni kweli, alisema kweli. Mtoto alikuwepo, na uongo ulikuwepo. Ila sasa alijua kwamba hakutaka fundi apone, alitaka aaibike, na aliitumia sala kwa kuwa pale hapana wa kumbishia.

Jumatano alimwendea Mzee wa Kanisa, msimamizi wa ushirika wao, kabla ya ibada, akamweleza anachotaka kufanya. Mzee akamwambia haina haja, ataijeruhi heshima yake bure, aende tu kumwomba fundi msamaha faraghani.

"Faraghani nitakwenda," karani alisema. "Lakini nilimwaibisha hadharani, Mzee."

Fundi hakuwepo. Hakuwepo kwa wiki mbili sasa, na karani alijua kwamba hatakuwepo, na kwamba huenda hatakuja tena. Hata hivyo alisimama. Alisoma kanuni ya pili kwa sauti, akasema ni yeye aliyeivunja, akasema nia yake ilikuwa kulipiza kisasi, na kwamba yule ndugu aliwajibu kwa unyenyekevu ambao yeye alikuwa ameufundisha tu. Akaomba wamwombee yeye, kwa jina lake. Kisha akamkabidhi bibi wa miaka sabini na mbili daftari, pamoja na kalamu nyekundu. Mtu mmoja akakohoa. Safari hii hakuna aliyempongeza.

Habari ilisafiri kwa njia yake ya siku zote. Kabla jua halijazama ilikuwa imetoka kwa Mama Muuguzi ikamfikia mke wa mwenye nyumba ya fundi, ikiwa imetiwa chumvi kiasi. Simu ya karani ikalia akiwa anavua viatu.

"Nimeambiwa umelia mpaka ukazimia," fundi alisema.

"Sikuzimia."

"Nilijua hiyo ni nyongeza."

Karani akamwomba msamaha, mara moja, bila maelezo. Fundi akasema naye alikosa, ilimpasa amwambie mapema, alimwogopa yeye kuliko alivyomwogopa Mchungaji. Halafu akasema bado inamuuma, na hawezi kujifanya haiumi. Karani akajibu kwamba hamharakishi. Ilikuwa kweli, ingawa ilimchoma.

Miezi ikapita polepole. Simu ya mchana ilirudi kwanza, ile ya asubuhi baadaye. Fundi alirudi ushirikani, akakaa palepale mlangoni. Jumamosi moja karani alikaribishwa duka la vitabu, akatambulishwa kwa msichana mwenye masikio ya baba yake, ambaye alimkagua kuanzia chini kwenda juu.

"Huyu ndiye aliyepoteza kiatu?" mtoto aliuliza.

"Ndiye," fundi alisema.

"Baba alikisafisha kwa mswaki wangu," mtoto akamwambia karani, na hapo urafiki ukaanza.

Jumanne moja lifti ya ofisini ilizimwa kwa matengenezo. Karani aliteremka kwa ngazi saa kumi na moja kasorobo, akiwa na viatu vyekundu mkononi, na simu ikalia akikanyaga ghorofa ya chini.

"Ghorofa ya Sita, nina ombi nataka kulileta kesho. Ila linakuhusu. Nahitaji ruhusa."

"Uko wapi?"

"Niko shimoni."

Alitazama mbele. Mlango wa lifti ulikuwa wazi, umewekewa kizuizi cha manjano, na sauti ile ilitoka kwenye simu na kutoka chini ya sakafu kwa wakati mmoja. Alisogea akachungulia. Fundi alikuwa kule chini, tochi kichwani, simu sikioni, anamtazama.

Karani aliketi sakafuni kwenye ukingo, na sketi yake yote ya kijivu, huku wapangaji wa jengo wakimpita.

"Ombi gani?" aliuliza, bado kwenye simu.

"Nataka watuombee ndoa. Mimi na wewe, na yule mkaguzi wangu mdogo. Nikusomee nilivyoliandika?"

"Hapana," karani alisema. Akakata simu, akainama mpaka nywele zikamfunika uso, akamwambia kwa mdomo wake. "Mpigie mama kwanza, asije akalisikia kwa Mama Muuguzi. Mwambie atundike mapazia."

"Ruhusa ninayo, basi?"

"Unayo," alisema, akamnyooshea mikono yake miwili ili apande.