Mshiriki Namba Kumi na Tisa

"Mama, samahani, nina swali najua litakuuma," Fundi alisema taratibu, kalamu mkononi. "Marehemu wifi yangu, jina lake kamili lilikuwa nani?"

Mama mkwe mtarajiwa alikuwa akikunja mashuka mezani. Mikono ikasimama.

"Wifi yako gani, mwanangu?"

"Yule aliyezama bwawani. Nataka tumwandike kwenye kadi ya ratiba ya harusi, yeye na marehemu mdogo wangu, ili nao wawe nasi siku hiyo. Mwanao Mwalimu kila nikimuuliza jina anageuza uso, nikaona nisimtoneshe kidonda. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Nani kazama?"

"Binti yako, Mama."

Yule mama akavuta kiti, akaketi. Alimtazama Fundi kwa makini, kama anayetafuta dalili za homa usoni mwake.

"Mimi nimezaa wawili, wote wa kiume. Huyo mchumba wako na kaka yake. Mtoto wa kike nilimtamani mpaka nikachoka, sikujaliwa. Habari hizi umezitoa wapi?"

Kalamu ikadondoka sakafuni. Fundi hakuiokota.

Sasa tuelewane kabla hatujaenda mbali, maana hapa kuna watu watamwona Fundi mjinga, na ujinga hana. Fundi ni fundi miwani, mwanamke anayekata lenzi kwa kipimo ambacho jicho la kawaida halikioni, na dukani kwake hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Miaka mitatu iliyopita mtu alibandika tangazo mlangoni pa duka hilo: chuo kinatafuta watu wa kushiriki utafiti wa mazungumzo, dakika arobaini na tano tu. Akaenda, nusu kwa udadisi, nusu kwa upweke.

Wakamweka kwenye chumba chenye viti viwili na bunda la kadi za maswali. Kiti cha pili alikaa kijana mpole aliyejitambulisha kwamba naye ameona tangazo tu kama yeye. Maswali yalianza na mambo mepesi, unapenda rangi gani, unaamka saa ngapi, yakawa yanazama kidogo kidogo. Kadi ya mwisho ilisema: mwambie mwenzako jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu.

Kijana akatangulia. Sauti ikitetemeka, akasema aliwahi kuachiwa mdogo wake wa kike amwangalie, akazubaa na mchezo, mtoto akazama.

Fundi alihisi kama kuna mtu amefungua kifua chake bila hodi. Kwa sababu yeye, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliachiwa mdogo wake wa kiume mwenye ugonjwa wa kifua, akatoroka kwenda kwa jirani kuangalia filamu, na aliporudi mtoto alikuwa ameshaacha kupumua. Nyumbani wote walimbembeleza, pole, ulijitahidi. Hakuna aliyejua kwamba hakuwepo chumbani. Siri hiyo aliibeba miaka kumi na saba, akaja kuitua mbele ya mtu asiyemjua, akalia mpaka kola ikalowa.

Mapenzi yao yalianzia hapo. Yule kijana sasa ni mwalimu wa saikolojia katika chuo hicho hicho, na baada ya wiki tatu walikuwa wafunge ndoa.

Mwalimu alikuwa ofisini akisahihisha mitihani ya mbinu za utafiti, na wanafunzi wawili walikuwa wakisubiri kwenye benchi la nje. Fundi aliwapita bila salamu.

"Una dada?"

"Mpenzi! Mbona unahema hivyo? Kaa kwanza."

"Sijaja kukaa. Natoka kwa mama yako. Nakuuliza, una dada?"

Mwalimu aliweka kalamu chini, akaenda kufunga mlango. Alipogeuka, uso ulikuwa umeshuka.

"Sina."

"Hukuwahi kuwa naye?"

"Sikuwahi."

"Basi nieleze. Wewe si mwalimu? Nifundishe."

"Ile habari sikuitunga mimi, Fundi. Niliandikiwa. Siku ile sikuwa mshiriki, nilikuwa msaidizi wa utafiti. Kuna tawi la saikolojia linaloangalia watu wanavyoathiriana wanapokuwa pamoja. Profesa alitaka kupima kama mtu akianza kufunua siri nzito, mwenzake naye atafunua ya kwake. Siri yangu ilikuwa kwenye karatasi. Nikaikariri."

"Ukakariri mtoto aliyekufa."

"Ndiyo."

"Uliwaambia watu wangapi?"

"Arobaini na wawili."

"Na kwa wote alizama?"

"Kwa wote."

"Na ile sauti iliyokuwa inatetemeka?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake.

"Nijibu, baba."

"Tuliifanyia mazoezi."

Fundi alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha hata chembe. Miaka mitatu amekuwa akimpigia mtu huyu simu kila tarehe aliyomwambia ndiyo siku ya msiba, akimfariji, akinyamaza naye kwenye simu dakika nzima. Kumbe alikuwa anamlilia marehemu wa kwenye karatasi.

"Siku hizi mnafundisha kwamba inaruhusiwa?"

"Kudanganya kunaruhusiwa, lakini kwa masharti. Mkimaliza tu, mshiriki anapelekwa chumba cha pili anaelezwa ukweli wote, anaombwa radhi, haondoki na uongo. Hilo ni la lazima. Kamati ya maadili haina mchezo."

"Mimi sikupelekwa."

"Najua."

"Kwa nini mimi?"

Mwalimu akamsogelea. Macho yalikuwa na machozi.

"Kwa sababu nilikupenda pale pale. Ulipoanza kulia nilihisi kitu ambacho sikukihisi kwa yeyote kati ya wale wengine. Niliogopa. Nikajua ukiambiwa ukweli utanichukia na sitakuona tena. Nikaweka tiki kwenye fomu kwamba umeelezwa. Nilikosea, lakini nilikosea kwa kukupenda."

"Apia."

"Naapa. Kila kitu siku ile kilikuwa cha kuandikwa, isipokuwa hicho."

Na hapo, msomaji wangu, Fundi alilegea kidogo. Mtu anayezama hachagui cha kushika. Kama siku ile kweli mwanaume huyu alihisi kitu, basi hakulia peke yake, na jambo zito kuliko yote maishani mwake hakulitua mikononi mwa mtu aliyekuwa kazini. Juu ya hicho kimoja angeweza kusimama akaolewa.

"Nipe muda," alisema, akaondoka.

Jioni ujumbe ukaingia: *Sijala tangu uondoke. Nisamehe. Siku ile ya kwanza ndiyo siku ya kweli kuliko zote maishani mwangu.*

Akausoma mara nne. Mara ya nne akajibu: *Kula. Tutaongea.*

Mama mkwe naye akapiga.

"Mwanangu, nimemgombeza huyo mtoto mpaka nimeishiwa maneno. Ila usituache. Mjinga ni mjinga, lakini anakupenda."

"Najua, Mama. Nipo."

Angeweza kuishia hapo, na harusi ingefanyika. Lakini Fundi ana tabia ya kazi yake, lenzi ikishakatwa lazima aipime kabla haijamfikia mteja, hata kama anajua iko sawa. Kesho yake asubuhi alipiga simu idarani, akaomba kuonana na Profesa. Alisema anadai maelezo ambayo hakupewa miaka mitatu iliyopita.

Profesa alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyolegea upande wa kushoto. Kwa mazoea Fundi aliiona kabla hajaona kingine chochote, akatamani aikaze. Mama wa watu alisikiliza habari nzima bila kumkatiza, akatoa faili kabatini.

"Mshiriki namba kumi na tisa. Hapa pana tiki kwamba umeelezwa."

"Ni ya kwake."

"Mungu wangu." Profesa alivua miwani, akaivaa tena. "Binti yangu, nakuomba radhi. Sisi wa fani hii tumeumiza watu tangu zamani. Tumewatisha wengine ili tupime woga, tumewadanganya wengine ili tupime utii, ndipo tukajiwekea masharti. Masharti yenyewe ndiyo haya, na kwako hayakufuatwa. Uliza chochote."

"Nina swali moja. Mwisho kulikuwa na karatasi. Kuanzia moja mpaka saba, unajisikia kuwa karibu na mwenzako kiasi gani."

"Kipimo cha ukaribu. Ndiyo."

"Mimi niliandika saba. Yeye alijaza?"

"Wasaidizi walijaza kila kikao, kabla hawajatoka chumbani. Tulitaka kujua kama kuigiza ukaribu kunamgusa na mwigizaji." Akasita. "Lakini sidhani kama..."

"Ni faili langu, Profesa?"

"Ni lako."

"Basi naomba nilione."

Profesa alilisukuma faili mezani taratibu, kama mtu anayempa mwenzake barua ya msiba. Mwandiko ulikuwa ule ule ulioandika kadi zote za mapenzi alizonazo Fundi nyumbani. Kwenye mstari wa ukaribu palikuwa na duara juu ya namba moja. Chini yake, kwenye nafasi ya maoni, paliandikwa: *Kilio kirefu. Kikao kimepitiliza dakika kumi na mbili. Naomba tusipangiwe vikao vinne kwa siku moja.*

Fundi alisoma neno moja moja. Kisha akatoa simu.

"Mpenzi! Umeamkaje?"

"Siku ile ulihisi nini?"

"Fundi, si nilikwambia jana? Nilikupenda pale pale, nika..."

"Niko kwa Profesa. Faili namba kumi na tisa liko mbele yangu, limefunguliwa."

Profesa akasimama, akaenda kuangalia dirishani ambako hapakuwa na cha kuangalia.

"Fundi."

"Nakusikia."

"Sikuhisi kitu. Ulikuwa mtu wa nne siku hiyo. Nilikuwa na njaa, kichwa kinauma, na aliyekuwa akikaa chumba cha pili alishaondoka. Nikaweka tiki ili niende nyumbani. Nikasema mmoja tu, haitadhuru."

"Kisha?"

"Wiki mbili baadaye ukanitafuta. Ukaja na miwani ya kusomea uliyonikatia mwenyewe, ukasema ni zawadi kutoka kwa mwenzangu katika majonzi. Ningekwambia nini mbele ya miwani ile? Nikasema nitakwambia kesho. Kesho zikawa miaka." Alikuwa akilia sasa. "Lakini mapenzi yalikuja, Fundi. Yalikuja baadaye. Siku ulipoteleza kwenye ngazi za maktaba ukakaa pale pale chini ukicheka mpaka watu wakageuka. Siku hiyo nilijua. Huo ndio ukweli mtupu."

"Nakuamini nusu. Nusu nyingine sina pa kuipimia."

"Nipime unavyotaka! Niulize chochote!"

"Jana nilikuuliza."

"Niliogopa kukupoteza."

"Sikiliza, Mwalimu. Jana ungeniambia kwamba hukuhisi kitu, kwamba ulikuwa na njaa, ningelia. Ningekutukana matusi ambayo mama yako hajawahi kuyasikia. Na baada ya wiki tatu ningeolewa nawe. Nilishamsamehe yule kijana aliyekariri karatasi, alikuwa kazini. Lakini jana hukuwa na karatasi. Jana ulisimama mbele yangu, ukaniona ninavyoumia, ukatunga mwenyewe."

"Fundi, nakuomba..."

"Na mimi nikakwambia ukale."

Akakata. Simu iliita tena, na tena, akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

Profesa alirudi kitini. Akatoa karatasi nyingine kutoka kwenye faili, isiyo na mwandiko wowote.

"Hii nayo ulitakiwa upewe siku ile. Unaweza kuruhusu maneno yako yaendelee kutumika, au unaweza kujitoa. Huhitaji kutoa sababu."

"Nikijitoa, habari ya mdogo wangu itafutwa?"

"Rekodi, maandishi, majibu yako. Nitafuta mwenyewe leo hii."

"Yote?"

Profesa alichelewa kujibu, na kwa kuchelewa huko Fundi alimheshimu.

"Makala ilishachapishwa mwaka juzi. Hakuna jina lako wala habari yako mle. Lakini ile saba uliyoandika imeshaingia kwenye wastani. Hiyo siwezi kuitoa."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alisaini mahali palipoonyeshwa, akaandika tarehe, akarudisha karatasi. Akakaa dakika kadhaa huku Profesa amemshika mkono. Halafu akachukua simu yake, akatafuta namba nyingine.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Nilikuwa nakuwaza. Mmeyamaliza?"

"Tumemaliza, Mama. Harusi haipo."

"Usiseme hivyo! Mwanangu, unaacha ndoa kwa ajili ya mtoto ambaye hata hakuwahi kuzaliwa?"

"Hapana, Mama. Huyo nilishamzika. Naiacha kwa ajili ya jana."

Mama mkwe hakuelewa, akaanza kulia, akaomba aelezwe vizuri. Fundi alimwambia atamweleza siku nyingine, akikaa sawa. Saa tisa alikuwa na mteja wa kupima macho, akarudi dukani.